Nauli za ndege ziliposhuka Marekani: nani alisafiri, na nani alilipa?



Wengi wetu hatujapanda ndege. Tunaiona tu ikipita juu ya shamba la chai au juu ya paa la kiwanda. Hata hivyo tumeonelea safari hii tueleze habari za mashirika ya ndege ya Marekani, kwa sababu zina fundisho kwa kila mtu anayeishi kwa kuuza nguvu zake. Swali lenyewe ni hili: Serikali ikiacha kupanga bei na kuyaachia makampuni yashindane, je, wananchi hupata nafuu? Na nafuu hiyo hutoka mfukoni mwa nani?

Swali hili si geni kwetu. Tumelikuta katika nauli za mabasi, tumelikuta katika bei ya kahawa na ya pamba. Marekani waliondoa udhibiti wa Serikali katika ndege mwaka 1978, na matokeo yake yamekwisha kuonekana, mema na mabaya. Tutayaeleza yote mawili, maana mfanyakazi anayesikia upande mmoja tu hawezi kukata shauri la maana.

MAMBO YALIVYOKUWA KABLA YA 1978

Tangu mwaka 1938 Serikali ya Marekani ilikuwa na chombo cha kusimamia usafiri wa ndege, ambacho baadaye kiliitwa Bodi ya Usafiri wa Anga wa Kiraia. Bodi hii ilikuwa na nguvu nyingi. Iliamua kampuni ipi iruke kutoka mji upi kwenda mji upi, na iliamua nauli. Kampuni iliyotaka kuongeza njia mpya ilipaswa kuomba ruhusa, na washindani wake walikuwa na haki ya kupinga. Shauri moja lingeweza kuchukua miaka.

Kati ya mwaka 1950 na 1974 Bodi ilipokea maombi 79 ya makampuni mapya yaliyotaka kuingia katika usafiri wa ratiba ndani ya nchi. Haikukubali hata moja. Makampuni makubwa yaliyokuwamo tangu mwanzo yalikaa kwa raha. Kwa kuwa hayakuruhusiwa kushindana kwa nauli, yalishindana kwa chakula kizuri, kwa viti vipana na kwa kuongeza idadi ya safari. Matokeo yake, katika miaka ya 1970 ndege nyingi ziliruka karibu nusu tupu. Mwenye fedha alisafiri kwa starehe. Mfanyakazi wa kawaida alipanda basi. Mwanzoni mwa miaka ile karibu nusu ya watu wazima wa Marekani walikuwa hawajapanda ndege hata mara moja.

Kwa upande wa wafanyakazi hali ilikuwa afadhali. Vyama vya marubani, mafundi na wahudumu vilikuwa na nguvu. Gharama za kampuni zikipanda, Bodi iliweza kuruhusu nauli ipande. Kwa hiyo mwajiri hakuwa na sababu kubwa ya kupigana na chama juu ya mishahara. Hili tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

CALIFORNIA NA TEXAS ZAONYESHA NJIA

Bodi ilikuwa na mamlaka juu ya safari zinazovuka mpaka wa jimbo tu. Kampuni iliyoruka ndani ya jimbo moja haikuwa chini yake. Katika jimbo la California kampuni ya Pacific Southwest ilianza mwaka 1949 na ikaruka kati ya San Francisco na Los Angeles kwa nauli ndogo. Watu walipolinganisha safari hiyo na ile ya Boston kwenda Washington, ambayo ni ndefu kidogo tu lakini ilikuwa chini ya Bodi, waliona kwamba nauli ya California ilikuwa takriban nusu.

Katika jimbo la Texas kampuni ya Southwest ilianza kuruka mwezi Juni 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio, baada ya makampuni makubwa kuizuia mahakamani kwa miaka kadhaa. Ilitoza dola 20. Mwaka 1973 kampuni ya Braniff ilitaka kuimaliza kwa kushusha nauli ya Dallas na Houston hadi dola 13. Southwest ikawaambia abiria wachague: walipe dola 13, au walipe dola 26 na wapewe chupa ya pombe kali. Wasafiri wa kazi, ambao nauli yao ililipwa na waajiri, wengi walilipa 26 na kuchukua chupa. Kisa hiki kinachekesha, lakini kina jambo kubwa ndani yake, nalo ni kwamba wasafiri si wa aina moja.

Mwaka 1975 Seneta Edward Kennedy aliitisha kikao cha Baraza la Seneti kuchunguza kazi ya Bodi. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alimweka Alfred Kahn, profesa wa uchumi, kuwa mwenyekiti wa Bodi hiyo, naye akaanza kulegeza kamba. Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Carter alitia sahihi sheria ya kuondoa udhibiti. Ruhusa za njia zilikoma mwisho wa 1981, upangaji wa nauli ulikoma mwanzo wa 1983, na Bodi yenyewe ilivunjwa mwisho wa 1984. Usalama wa ndege haukuguswa na sheria hii. Uliendelea kusimamiwa na idara nyingine ya Serikali.

KWA NINI NAULI IKISHUKA SAFARI HUONGEZEKA

Tuchukue mfano wa kufundishia. Ndege ina viti 100, nauli ni shilingi 100, na abiria ni 50. Kampuni inapata shilingi 5,000. Sasa nauli inashushwa hadi 60. Kama abiria wataongezeka hadi 90, mapato yatakuwa 5,400, yaani yamepanda ingawa nauli imeshuka. Lakini kama abiria wataongezeka hadi 70 tu, mapato yatakuwa 4,200, na kampuni imepata hasara. Mafuta, rubani na ndege ni vile vile, viti vijae au visijae. Kwa hiyo yote yanategemea jambo moja: watu wangapi walikuwa nyumbani wakiingoja nauli ishuke?

Jibu hutofautiana kufuatana na msafiri. Yule anayetumwa na kampuni kwenda kutia sahihi mkataba atakwenda nauli ikiwa juu au chini, kwa sababu halipi yeye. Huyu hajali sana bei, anajali saa. Anataka ndege ya asubuhi na ya kumrudisha jioni. Lakini anayekwenda kuwaona wazazi, au arusini, au kutembea wakati wa likizo, analipa kutoka mfukoni mwake. Huyu huhesabu. Nauli ikiwa kubwa ataandika barua, au atapanda basi, au atangoja mwaka ujao. Ikishuka, atakwenda, na pengine atakwenda mara mbili.

Umbali nao una maneno yake. Kati ya miji iliyo karibu, ndege inashindana na gari na basi, kwa hiyo nauli ikishuka kidogo watu wengi huhama barabarani. Kati ya miji iliyo mbali sana, basi linachukua siku kadhaa, na anayetaka kufika upesi hana njia nyingine.

Haya ndiyo yaliyotokea Marekani. Mwaka 1978 mashirika ya ndege ya nchi hiyo yalichukua abiria kiasi cha milioni 275. Mwaka 2019 yalichukua zaidi ya milioni 900. Ndege ambazo zamani ziliruka nusu tupu sasa hujaza zaidi ya viti 80 katika kila 100. Mwaka 1993 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilichunguza njia ambazo Southwest ilikuwa imeingia, ikaona jambo lile lile mahali pengi: kampuni hiyo ikiingia, nauli za wote hushuka na abiria huongezeka mara nyingi kuliko walivyokuwa. Hawakuwa wameibwa kutoka kampuni nyingine. Wengi walikuwa wasafiri wapya kabisa.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba yote yaliletwa na sheria ya 1978. Ndege za jeti zilikuwa zimekwisha punguza gharama kabla yake, na watu pamoja na vipato vyao viliongezeka. Bei ya mafuta nayo ilipanda na kushuka, na nauli zikaifuata. Sheria ilifungua mlango. Haikuwa sababu peke yake.

BEI NYINGI KATIKA NDEGE MOJA

Makampuni makubwa yaligundua upesi kwamba hayana haja ya kumshushia nauli kila mtu. Yalitumia kompyuta kuwatenga wasafiri. Mwezi Januari 1985 kampuni ya American ilitangaza nauli ndogo sana kwa anayenunua tiketi siku 30 kabla na kukubali kulala Jumamosi huko aendako. Msafiri wa kazi hawezi masharti hayo: yeye huambiwa leo asafiri kesho, na Jumamosi anataka kuwa nyumbani. Basi viti ambavyo vingebaki tupu viliuzwa kwa bei ndogo kwa watu wa likizo, na wengine waliendelea kulipa bei kubwa.

Silaha hii iliiua kampuni ya People Express, iliyoanza mwaka 1981 katika uwanja wa Newark ikiwa na nauli ndogo kwa kila abiria na haikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Ilinunuliwa mwaka 1986, na jina lake likafutika mwaka 1987. Tangu wakati huo watu wawili wanaokaa bega kwa bega katika ndege wanaweza kuwa wamelipa nauli ambazo moja ni mara tatu ya nyingine.

MIJI ILIYOPATA NA MIJI ILIYOKOSA

Makampuni yalipopata uhuru wa kuchagua njia, yaliacha kuunganisha miji mmoja mmoja, yakaanza mtindo wa gurudumu la baiskeli. Katikati pana kitovu, na spoki zinatoka kila upande. Hesabu yake ni nyepesi. Miji 10 ikiunganishwa yote moja kwa moja inahitaji njia 45. Mmoja wao ukifanywa kitovu na mingine yote ikaunganishwa kwa kupitia huo, zinahitajika njia 9 tu. Delta ilikaa Atlanta, American ikakaa Dallas, na wengine wakachagua miji yao.

Faida ni kwamba mtu wa mji wa wastani, akifika kitovuni, anaweza kwenda miji mia. Ratiba ikawa na safari nyingi, na safari nyingi huwavuta wasafiri wa kazi kama vile nauli ndogo inavyowavuta wa likizo. Hasara ni mbili. Kwanza, abiria hulazimika kubadili ndege na kupoteza saa. Pili, kampuni moja ikitawala kitovu, wakazi wa mji ule hawana pa kukimbilia, na mara nyingi wametozwa zaidi kuliko wenzao.

Tena kitovu kinaweza kuhamishwa. Kampuni ya US Airways iliacha kuutumia mji wa Pittsburgh kuwa kitovu mwaka 2004, ingawa uwanja mpya ulikuwa umejengwa huko mwaka 1992 kwa ajili ya kazi hiyo. Memphis iliachwa na Delta mwaka 2013. Viwanja vikubwa vikabaki na milango mitupu, na waliokuwa wakipakia mizigo, kupika na kusafisha wakatafuta kazi nyingine.

Miji midogo sana ingekosa ndege kabisa. Bunge liliona hatari hiyo, likaweka katika sheria ya 1978 mpango wa kuyalipa makampuni ili yaendelee kuihudumia. Mpango ulikusudiwa kudumu miaka 10, lakini uliendelezwa, na fedha za Serikali bado hulipwa. Maana yake ni kwamba soko peke yake halikuweza kumfikia kila mwananchi.

Miji midogo iliumia kwa upande wa mabasi pia. Udhibiti wa mabasi uliondolewa mwaka 1982. Nauli ndogo za ndege ziliwachukua abiria wa safari ndefu, na makampuni ya mabasi yakaacha kupita katika miji mingi isiyo na faida. Mwaka 1983 Greyhound, kampuni kubwa kuliko zote, ilitaka kupunguza mishahara. Madereva na wenzao waligoma karibu wiki 7, kisha wakarudi kazini kwa ujira uliopunguzwa.

WAFANYAKAZI WALIVYOBEBA MZIGO

Sasa turudi kwenye lile tulilosema tulikumbuke. Bodi ilipoondoka, mwajiri hakuweza tena kupandisha nauli kila mshahara ulipopanda. Kampuni mpya ziliajiri watu bila chama na kwa ujira mdogo. Kampuni za zamani zikawaambia wafanyakazi wao: kubalini kukatwa, au tutafunga.

Braniff ilifungua njia 32 mpya kwa siku moja mwezi Desemba 1978, kwa tamaa ya kunyakua soko. Mafuta yakapanda bei, riba ya mikopo ikapanda, na tarehe 12 Mei 1982 ndege zake zikasimama. Maelfu ya watu walilala wakiwa na kazi, wakaamka hawana.

Continental ilifanya vibaya zaidi. Mwezi Septemba 1983, chini ya Frank Lorenzo, ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika, ikaivunja mikataba ya vyama vyote, na baada ya siku 3 ikaanza kuruka tena ikiwa na kiasi cha theluthi moja ya wafanyakazi wake 12,000, kwa ujira uliokatwa karibu nusu. Mgomo wa marubani uliendelea mpaka 1985. Vyama vilipiga kelele, na mwaka 1984 Bunge likarekebisha sheria, ili mwajiri aliyefilisika asiweze kuutupa mkataba wa chama bila kwanza kujadiliana na chama na kupata kibali cha mahakama. Huo ulikuwa ushindi mdogo, lakini ulikuwa ushindi.

Kampuni ya American ilileta mbinu nyingine mwaka 1983: mishahara ya madaraja mawili. Wa zamani waliachiwa mshahara wao, na wapya waliajiriwa kwa mshahara wa chini sana kwa kazi ile ile. Mbinu hii hupita kirahisi katika mkutano, kwa sababu wanaoumia hawajaajiriwa bado na hawana kura. Baadaye chama hujikuta kina wanachama wawili wanaoangaliana kwa chuki.

Sheria ya 1978 iliwaahidi wafanyakazi ulinzi. Atakayepoteza kazi kwa sababu ya sheria hiyo angepewa msaada wa fedha kila mwezi, na angefikiriwa kwanza nafasi zikitokea katika makampuni mengine. Msaada wa fedha haukulipwa hata siku moja, kwa kuwa Bunge halikutenga fedha hizo. Ahadi ilikuwa katika karatasi, na ikabaki katika karatasi.

Mwezi Machi 1989 mafundi wa Eastern waligoma. Kampuni ilikufa Januari 1991. Pan Am, jina lililojulikana dunia nzima, ilikufa Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2005 kampuni ya United, ikiwa chini ya mahakama ya ufilisi, iliutua mzigo wa pensheni za wafanyakazi wake, ukachukuliwa na shirika la bima la Serikali, na wengi wakapata pungufu ya walichoahidiwa. Baada ya hapo makampuni yaliungana: Delta na Northwest mwaka 2008, United na Continental mwaka 2010, American na US Airways mwaka 2013. Leo makampuni 4 huchukua zaidi ya theluthi mbili ya abiria wa ndani. Ushindani ulioahidiwa mwaka 1978 umerudi kuwa wa wachache.

SI LAZIMA IWE KWA KUKATA UJIRA

Waajiri hupenda kusema kwamba bei ndogo na chama cha wafanyakazi havikai nyumba moja. Southwest inakanusha maneno hayo. Ndiyo iliyoshusha nauli kuliko wote, na zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 wa kampuni hiyo wamo katika vyama. Nafuu yake ilitoka katika mpango wa kazi. Ilitumia ndege za aina moja, hivyo fundi aliyeijua moja alizijua zote. Mwaka 1972 ililazimika kuuza ndege moja kati ya 4, na wafanyakazi wakaweza kufanya safari zile zile kwa ndege 3, kwa kushusha na kupakia abiria ndani ya dakika 10 tu. Ndege hailipi ikiwa chini. Hulipa ikiwa angani. Tangu 1973 wafanyakazi hao wamekuwa na mpango wa kugawiwa sehemu ya faida.

Hatusemi kwamba kampuni hiyo ni malaika. Tunasema kwamba gharama hupungua kwa njia nyingi, na mwajiri anayeanza na ujira amechagua njia iliyo nyepesi kwake.

NA KWETU JE?

Afrika Mashariki ilikuwa na shirika moja la ndege tangu 1946, ambalo lilikufa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika. Kila nchi ikaanzisha lake na kulilinda. Mwaka 1999 nchi za Afrika zilikubaliana huko Yamoussoukro kufunguliana anga, na mwaka 2018 Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga, lakini utekelezaji umekwenda polepole. Nchini Tanzania kampuni ya Fastjet ilianza Novemba 2012 kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli ndogo, na watu waliozoea basi wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Mwisho wa 2018 ilisimamisha safari zake huko. Haja ya kusafiri ilikuwapo. Kampuni ndiyo haikudumu.

Kwa hiyo, ndugu, tukisikia katika kazi yoyote kwamba udhibiti utaondolewa, tusikimbilie kushangilia wala kulaani. Tuulize maswali haya na tudai majibu kwa maandishi:

1. Bei itakaposhuka, itashuka kwa nani, na kwa muda gani?
2. Mahali pasipo na faida patahudumiwa na nani, kwa fedha za nani?
3. Atakayepoteza kazi atalipwa nini, na fedha hizo zimetengwa wapi?
4. Mkataba wa chama utakuwaje kampuni ikifilisika au ikiuzwa?
5. Je, wapya watalipwa sawa na wa zamani?

Mwananchi wa Marekani amepata safari ambazo baba yake hakuziota, na jambo hilo hatulidharau. Mfanyakazi naye ana haki ya kumwona mama yake aliye mbali. Lakini nafuu ile ilikuwa na mlipaji, na mara nyingi mlipaji alikuwa mfanyakazi mwenzake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tunawaomba makatibu wa matawi wayasome maswali haya katika mikutano yao na kuyajadili kabla tembo hawajafika.